Maskani, Uwanja na Jukwaa: Kijana wa Mji Apata Wapi Jina Lake?

Kijana wa mjini hatosheki na jina alilopewa na babake. Hutaka la pili, lake yeye na wenzake: mchoraji, mghani, mfokaji, mcheza sarakasi, ama, Mungu atuepushe, jina la kundi la mapanga. Hapa Mombasa tumeyasikia majina kama Wakali Kwanza na Wakali Wao mpaka masikio yakazoea. Makundi hayo humpa mtoto wa miaka 15 kila anachokitafuta: jina, lugha yao, mavazi yao, mtaa wa kuulinda na watu wa kumwogopa. Makala hii yahusu pahali pengine panapotoa vitu vivyo hivyo bila damu kumwagika, nazo ni nafasi za sanaa za mji.

Wako wanaodhani jambo hili lilikuja na simu na televisheni. Si kweli. Miaka ya 1890, Mombasa na Lamu, vijana wa Kiswahili walizua ngoma ya beni, jina lililotokana na bendi za Wazungu. Walivaa sare, wakapiga gwaride, wakajipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme, na wakagawanyika katika vyama vilivyoshindana vikali. Mashuhuri katika hivyo ni Kingi na Scotchi. Mtu alikuwa wa Kingi ama wa Scotchi kama leo alivyo wa timu hii ya mpira au ile, ila zaidi ya hapo, maana chama kilimzika na kumwoza. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, na alionyesha kwamba mashindano hayo hayakutoka kwa Mzungu. Yalikuwa ushindani wa kale wa mtaa kwa mtaa, kama ule wa Mkomani na Langoni kule Lamu, uliovikwa nguo mpya. Toka pwani, beni ilifuata askari na vibarua hadi Tanganyika, ambako vyama vya Marini na Arinoti vilitapakaa mpaka bara kabisa.

Wanawake nao walikuwa na lelemama. Vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vya Mombasa vilikuwa na viongozi wenye vyeo, na msichana aliyeingia humo alipata heshima isiyotoka kwa mume wala kwa baba.

Wazee walilalama, bila shaka. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake la Al-Islah lililoanza 1932, aliwakemea Waislamu wa pwani kwa kuwaiga Wazungu bila kuchuja. Hoja yake ina uzito hata leo. Lakini tazama: beni ilionekana ni kuiga, na hata hivyo leo tunaihesabu miongoni mwa mambo ya asili yetu, na watalii huonyeshwa picha zake.

Kilichoifanya beni iwe kitu ni uwanja. Kijana akipiga tarumbeta peke yake uani kwao, hiyo ni kelele, na mamake atamwambia anyamaze. Akitoka uwanjani, siku inayojulikana, mbele ya mahasimu wake na watu wa mtaa, pale pale anakuwa mtu wa Kingi. Kila nafasi ya sanaa inayofanya kazi ina hayo: siku isiyobadilika, watazamaji wanaojua kuhukumu, mpinzani, na kaka mkubwa wa kumwambia chipukizi kwamba alichokifanya hakijafika. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Maskani yana urafiki tele, lakini mara nyingi hayana anayesema "bado". Jukwaa linaye.

Nairobi walilishika hili mapema kuliko sisi wa leo. Mwaka 2003 kituo cha GoDown kilifunguliwa ndani ya maghala ya zamani katika eneo la viwanda, kikaweka wachoraji, wacheza ngoma na wanamuziki chini ya paa moja. Kituo hicho ndicho kilichobuni tamasha la Nai Ni Who, ambapo wakaazi wa mitaa huulizwa Nairobi ni nani, nao hujibu kwa sanaa yao. Dandora, mtaa uliojulikana kwa jaa la taka, ulipata jina jingine kwa sababu ya wafokaji wake. Kalamashaka walitoa "Tafsiri Hii" mwaka 1997, kisha vijana wa Mau Mau wa Dandora wakaungana na Ukoo Flani, ambao asili yao ni hapa hapa Mombasa. Hiyo tuiseme kwa sauti, maana watu wa bara wanapenda kuisahau.

Matatu nayo ni jukwaa, ila lina magurudumu. Kanuni za 2004 zilileta mstari wa manjano na kuisonga michoro, hadi Novemba 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu tena. Wachoraji waliojifundishia ubavuni mwa gari sasa wanachora kwenye kuta.

Na kwetu? Swahilipot, iliyoanza 2016 jirani na Fort Jesus, imeweka mafundi wa kompyuta na wasanii mahali pamoja, na nimewaona pale wasichana waliovaa buibui wakighani mashairi yao mbele ya wavulana waliokaa kimya kusikiliza. Huyo msichana hakuchagua kati ya stara na jukwaa. Mzazi anayeogopa namwelewa, nami pia nina binti. Aende mwenyewe akaone, aulize saa ya kufunga na ni nani msimamizi, ndipo aamue. Bustani ya Mama Ngina ilipofanyiwa ukarabati mwaka 2019 ilijengewa ukumbi wa wazi, lakini ukumbi usio na siku yake ya kila wiki ni ngazi za kukalia watu wala mihogo. Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu. Mji ulipendeza, sibishi. Ila hapakutajwa ni ukuta gani aachiwe kijana achore, na kijana asiyekuwa na ukuta wake huandika jina la kundi lake juu ya ukuta wa mwenziwe.

Kasoro kubwa ni ya ramani. Nafasi nilizozitaja zote ziko kisiwani. Vijana wengi wako ng'ambo: Kisauni, Mishomoroni, Likoni, Changamwe. Mtoto wa Likoni avuke feri, ngazija ya watu na foleni yake, kisha apate nauli ya kurudi usiku. Wa Kisauni avuke daraja la Nyali. Wanaofika ni wale ambao tayari wana nauli na mzazi wa kuwaruhusu, yaani wale ambao kundi la mapanga halikuwa likiwawania sana. Aliyebaki ng'ambo anaona maskani peke yake, na jina linalopatikana pale.

Hapahitajiki jengo la mamilioni. Kumbi za kijamii tunazo, na nyingi hufunguliwa kwa arusi na mikutano ya siasa. Chumba kimoja Kisauni na kimoja Likoni, jioni mbili kwa wiki baada ya Alasiri hadi Isha, na mapumziko ya swala ya Maghrib, spika mbili, rangi, na msanii mkongwe anayelipwa mshahara wa haki ili aje kila wiki. Wawakilishi wa wadi wakija kuomba kura, swali la kuwauliza ni ufunguo wa ukumbi anao nani.