"Nominate": Kupendekezwa, Kuteuliwa au Kuthibitishwa?

Kila serikali ya nchi jirani inapobadilisha viongozi, neno moja la Kiingereza hurudi katika taarifa: "nominate". Mara nyingi hutafsiriwa kwa neno moja la Kiswahili, "kuteua". Katika sheria, hata hivyo, neno hilo lina maana zaidi ya moja, na tofauti hiyo ndiyo huonyesha kama aliyetajwa amekwisha kupata madaraka au bado.

Asili ya neno hilo ni Kilatini, "nomen", yaani jina. Maana yake ya msingi ni kulitaja jina la mtu kwa ajili ya wadhifa au heshima fulani. Neno "appoint" lina uzito mwingine: ni kumweka mtu rasmi katika nafasi.

Nchini Kenya maneno hayo mawili ni hatua mbili. Ibara ya 152 ya Katiba ya 2010 inampa Rais mamlaka ya kupendekeza majina ya mawaziri. Huwateua rasmi baada ya Bunge la Taifa kuridhia. Agosti 2024, Bunge hilo liliridhia majina 19 kati ya 20 na kulikataa moja. Aliyesikia kuwa wote 20 "wameteuliwa" alipata habari isiyokamilika. Oktoba mwaka huo huo, Profesa Kithure Kindiki alipendekezwa kuwa Naibu wa Rais na kuidhinishwa na Bunge siku moja, tarehe 18, lakini kwa amri ya mahakama hakuapishwa hadi tarehe 1 Novemba.

Nchini Tanzania, Rais huteua mawaziri bila kura ya Bunge, hivyo "ameteua" hapo ni uamuzi kamili, kinachosalia ni kiapo. Waziri Mkuu ni tofauti. Katiba inataka uteuzi wake uthibitishwe kwanza na azimio la Bunge. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kassim Majaliwa: jina lake lilithibitishwa na Bunge tarehe 19 Novemba 2015, naye akaapishwa siku iliyofuata.

Nchini Uganda, Rais huteua mawaziri kwa idhini ya Bunge. Huko neno "nomination" husikika zaidi wakati wa uchaguzi, likimaanisha siku ambayo mgombea hukabidhi karatasi zake kwa Tume ya Uchaguzi na kukubaliwa kugombea. Kenya nako neno hilo hilo hutumika kwa kura za ndani ya vyama, ambazo kwa Kiswahili huitwa mchujo. Katika hali zote mbili, mhusika bado hajashinda chochote mbele ya wananchi.

Wapo pia wanaoitwa wabunge wa kuteuliwa: 12 katika Bunge la Taifa la Kenya, kupitia vyama, na wasiozidi 10 wanaoteuliwa na Rais nchini Tanzania. Hao si watu wanaosubiri kuidhinishwa, bali ni wabunge kamili.

Neno "mteule" nalo lahitaji uangalifu. "Waziri mteule" huenda akawa mtu aliyependekezwa tu, ilhali "Rais mteule" ni aliyekwisha kuchaguliwa kwa kura na anasubiri kiapo.

Hata katika tuzo maana hubadilika. Kwa Tuzo ya Amani ya Nobel, watu wengi wenye sifa zilizowekwa, wakiwemo wabunge na maprofesa wa fani fulani, wanaruhusiwa kupendekeza jina. Kupendekezwa, kwa hiyo, si dalili kwamba kamati imemkubali mtu huyo.

Kwa ufupi, penye idhini inayosubiriwa, "kupendekeza" ndilo neno sahihi; penye uamuzi uliokamilika, "kuteua"; na Bunge likishapiga kura ya kukubali, "kuidhinisha" au "kuthibitisha". Msikilizaji anayesikia kwamba fulani ameteuliwa hana budi kujiuliza: ni nani bado hajatoa idhini yake?