Gamba Nje, Kazi Ndani

Kila mwaka mashindano ya pikipiki ya Isle of Man yalipomalizika, waganga wa kisiwa hicho walikuwa wakipokea watu kadhaa waliogonga kichwa na kupoteza fahamu. Mwaka 1914 hawakupata hata mmoja. Mmoja wao alimwandikia barua Dk. Eric Gardner kumweleza habari hiyo, na jinsi Gardner alivyoisimulia baadaye, ungedhani mwenzake huyo kadhulumiwa.

Gardner ndiye aliyewakosesha wagonjwa. Alikuwa daktari wa Brooklands, kusini-magharibi mwa London, uwanja wa saruji uliofunguliwa mwaka 1907 kwa ajili ya kukimbiza magari na pikipiki tu. Alichoka kuletewa vijana waliopasuka vichwa. Akamtafuta fundi wa mashariki mwa London amtengenezee kofia ya turubai iliyopakwa shelaki, ile vanishi ya mafundi wa samani, mpaka ikakauka kama gamba la kobe. Wakubwa wa mchezo waliikataa, kisha wakageuka wakaifanya sharti. Gardner akavuka bahari hadi Isle of Man na kofia 94. Mshindani mmoja alilivaa geti kwa kichwa, na kichwa kikabaki kizima.

Nje ya viwanja vya mashindano, hata hivyo, hakuna aliyejali. Barabarani mpanda pikipiki wa Ulaya aliendelea na kofia yake ya kitambaa na miwani ya vumbi. T. E. Lawrence, ofisa wa Uingereza aliyepata jina katika vita vya Waarabu dhidi ya Waturuki, hakuwa na kofia ngumu tarehe 13 Mei 1935, alipokuwa akirudi nyumbani kwake Dorset juu ya Brough Superior, pikipiki ya wenye fedha enzi hizo. Mbele yake wakatokea vijana wawili wa baiskeli. Akawakwepa, akarushwa. Alilala bila fahamu siku sita, akafa akiwa na miaka 46.

Kati ya madaktari walioitwa kando ya kitanda chake alikuwamo Hugh Cairns, Mwaustralia, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Hakuwa na la kufanya. Kilichofuata ndicho kinachonifanya nimheshimu: alianza kuhesabu. Vita vya pili vya dunia vilipofika, taa za barabarani zilizimwa usiku kwa hofu ya ndege za mabomu, huku askari matarishi wakikimbizana na barua gizani. Mwaka 1941 Cairns alichapisha hesabu yake katika jarida la madaktari wa Uingereza. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, wapanda pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa barabarani, wengi kwa majeraha ya kichwa. Waliopata ajali wakiwa na kofia ngumu, aliwaona saba tu. Hakuna aliyekufa.

Saba ni wachache, na mtu wa takwimu angeguna. Jeshi halikuguna. Novemba mwaka huo huo kofia ikawa amri kwa askari wa pikipiki walio kazini, na vifo vikaanza kushuka. Raia wa Uingereza walisubiri sheria yao hadi Juni 1973. Cairns alikuwa kaburini karibu miaka 21.

Hata hivyo, kofia za wakati huo zilikuwa gamba tu, lililoning'inizwa juu ya kichwa kwa mikanda. Ukitia yai ndani ya kopo la bati ukaliangusha, kopo litapona. Ubongo nao ndivyo ulivyo: fuvu likisimama ghafla, wenyewe unaendelea na safari mpaka ugonge mfupa. Mtu aliyelitazama tatizo kwa ndani alikuwa Charles Lombard wa Chuo Kikuu cha Southern California. Mwaka 1947 aliomba hataza ya kofia yenye tabaka la kubonyea chini ya gamba. Tabaka hilo siku hizi ni povu jeupe jepesi, lile lile linalofungiwa televisheni mpya. Kichwa kinapogonga, povu linapondeka, na katika kupondeka huko ubongo unapata nafasi ya kusimama polepole kidogo. Kidogo mno, sehemu ndogo sana ya sekunde. Lakini povu likishapondeka halirudi. Gamba linaweza kung'aa kama jana, na kofia ikawa imekwisha kazi.

Roy Richter, mwenye duka la vipuri vya magari ya mashindano katika mji wa Bell, California, alianza kuuza kofia yake ya faibaglasi mwaka 1954. Miaka miwili baadaye dereva Pete Snell alikufa mashindanoni huko huko California, kofia yake iliposhindwa kumkinga. Mwaka 1957 rafiki zake wakaanzisha taasisi ya kupima kofia kwa kuzigongesha. Hadi leo jina la Snell hubandikwa kwenye kofia zilizofaulu.

Madereva wa magari hawakuwa werevu kuliko wa pikipiki. Juan Manuel Fangio alitwaa ubingwa wa dunia wa 1951 akiwa amevaa kikofia cha kitambaa. Kofia ngumu ikawa lazima mwaka 1952, na Juni ya mwaka huo alipinduka Monza, Italia, akavunjika mfupa wa shingo, akaishi. Mwaka 1968 Dan Gurney alifika Nürburgring, Ujerumani, na kofia iliyofunika uso mzima, ya kwanza kuonekana katika Formula One.

Kufikia hapo gamba lilishakuwa bendera ya mwenyewe. Dereva Graham Hill alichora makasia ya klabu yake ya kupiga makasia, mwenzake Jackie Stewart akazungushia kitambaa cha mirabaraba cha Waskoti. Katika filamu ya Easy Rider ya 1969, Peter Fonda alipanda pikipiki ya uma mrefu iliyoundwa na Ben Hardy, fundi Mweusi wa Los Angeles, na kofia yake ilikuwa na rangi za bendera ya Marekani. California hiyo, iliyoipa dunia kofia ya povu, ilisubiri hadi Januari 1992 ndipo ikawalazimisha wapanda pikipiki wote kuivaa.

Juzi nilipanda bodaboda Tegeta. Kijana akanipa helmeti nyekundu iliyochorwa miali ya moto, kazi safi kabisa. "Vaa, mzee, trafiki wako mbele."

Nikaingiza kidole ndani, nikapapasa. Upande wa kushoto povu lilikuwa limebonyea, shimo la kutosha ndimu.

"Imewahi kuanguka?"

"Mara mbili tu, mzee. Iangalie mwenyewe, hata ufa haina."