Safari ya kina yaya hadi Albany: Jinsi vikundi vya mashinani vilivyozaa sheria New York

MBUNGE ndiye hupewa sifa sheria njema inapopitishwa, lakini mara nyingi yeye huwa amepokea tu hoja iliyokwisha kuiva kwingineko: katika kumbi za ibada, katika bustani wanakochezea watoto, na katika mikutano ya jioni ya watu waliochoshwa na kazi za mchana.

Mfano bora ni Sheria ya Haki za Wafanyakazi wa Nyumbani ya jimbo la New York, Marekani. Gavana David Paterson aliitia saini Agosti 31, 2010, siku nne tu baada ya Kenya kuzindua Katiba yake mpya. Hakuna jimbo jingine la Marekani lililokuwa na sheria ya aina hiyo, na waliolivalia njuga suala hilo walikuwa kina yaya, wapishi, wafagizi na walezi wa wazee.

Pengo la miaka mingi

Kiini cha tatizo kilikuwa cha kale. Mnamo 1935, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda haki ya wafanyakazi kuunda vyama na kujadiliana na waajiri kwa pamoja. Wafanyakazi wa nyumbani na vibarua wa mashambani waliachwa nje. Sheria ya 1938 kuhusu mshahara wa chini na malipo ya saa za ziada nayo haikuwafikia.

Wanahistoria wengi hueleza kuwa wanasiasa wa majimbo ya kusini hawakutaka haki hizo ziwafikie Waamerika weusi, ambao wengi wao walifanya kazi hizo mbili. Ilipofika 1974 sheria ilirekebishwa na mshahara wa chini ukawafikia wengi wa watumishi wa nyumbani. Hata hivyo, waliolala kwa mwajiri hawakupata haki ya malipo ya saa za ziada, na walioajiriwa kukaa na wazee waliachwa nje kabisa.

Kwa kuwa katika mfumo wa Marekani kila jimbo lina bunge lake na laweza kutoa kinga zaidi ya zile za serikali ya kitaifa, watetezi waligeuza macho yao kutoka Washington na kuyaelekeza Albany, makao makuu ya jimbo la New York.

Kukusanya waliotawanyika

Kikundi cha Domestic Workers United kiliundwa jijini New York mwaka wa 2000. Wanachama wake wengi walikuwa wanawake wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, Amerika ya Kusini, Asia na Afrika. Miongoni mwa waratibu wake alikuwa Ai-jen Poo, ambaye baadaye alipata umaarufu wa kitaifa.

Mfanyakazi wa kiwanda hukutana na wenzake langoni kila asubuhi. Yaya hana lango la namna hiyo, kwani hufanya kazi peke yake nyuma ya mlango wa mwajiri. Kwa sababu hiyo, waratibu waliwafuata wafanyakazi bustanini walikowapeleka watoto kucheza na katika vituo vya usafiri, kisha wakawaalika katika mikutano ya kila mwezi.

Ushindi wa kwanza ulikuwa mdogo. Mnamo 2003, baraza la jiji la New York lilipitisha kanuni ya kuyalazimu mashirika yanayotafutia watu kazi za nyumbani kuwaeleza wafanyakazi haki zao. Lakini masuala mazito ya mishahara na saa za kazi yalikuwa mikononi mwa jimbo. Ndipo mwaka wa 2004 kampeni ya kutafuta sheria ya jimbo ikaanza.

Basi, ushahidi na marafiki

Albany iko umbali wa takriban kilomita 240 kutoka jijini New York. Mwaka baada ya mwaka, wanawake hao walipanda mabasi kwenda kuwaona wabunge, na kwa wengi wao safari hiyo ilimaanisha kupoteza ujira wa siku nzima. Huko walisimulia maisha yao: kufanya kazi bila siku ya mapumziko, kudhulumiwa mishahara, kutukanwa na kufutwa bila notisi.

Kwa kutambua kuwa simulizi pekee hazitoshi, kikundi hicho kilichapisha mnamo 2006 ripoti iliyotokana na mahojiano na wafanyakazi zaidi ya 500. Ripoti hiyo iliwapa wabunge takwimu za kutetea mswada ambazo hapo awali hazikuwapo.

Nguzo nyingine ilikuwa marafiki. Shirika la Jews for Racial and Economic Justice liliwaleta pamoja waajiri waliokubali kusema hadharani kwamba sheria ingewafaa wao pia, kwa kuwaonyesha ni lipi la haki. Chama cha wafanyakazi wa majengo, 32BJ, kiliunga mkono. John Sweeney, aliyekuwa kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la AFL-CIO, naye alisimama nao, kwani mamake mwenyewe aliwahi kufanya kazi za nyumbani.

Bungeni, mswada ulidhaminiwa na Keith Wright katika bunge la wawakilishi na Diane Savino katika seneti. Wawakilishi walipitisha toleo lao 2009, na maseneta wakafuata 2010.

Kilichopatikana na kilichokatwa

Sheria hiyo iliagiza malipo ya mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 kwa wiki, au 44 kwa anayelala kwa mwajiri. Ilitoa siku moja ya mapumziko kila wiki, siku tatu za likizo yenye malipo kila mwaka baada ya mwaka mmoja wa kazi, na kinga dhidi ya unyanyasaji wa kingono na wa kibaguzi.

Lakini mengi yaliachwa njiani. Likizo ya ugonjwa yenye malipo na notisi ya kuachishwa kazi zilikuwa katika madai ya kikundi, ila hazikuingia katika sheria ya mwisho. Haki ya kujadiliana kwa pamoja nayo ilisukumwa kando, wizara ya leba ya jimbo ikitakiwa kuichunguza. Wanaharakati walikubali kipande cha mkate badala ya kukosa vyote.

Baada ya wino kukauka

Mfano huo ulienea. Hawaii na California zilipitisha sheria zao 2013, Massachusetts 2014, Oregon na Connecticut 2015, Illinois 2016. New Jersey ilijiunga Januari 2024. Huko California, Gavana Jerry Brown alikuwa ameukataa mswada wa kwanza mnamo 2012, kabla ya kuidhinisha uliofuata. Kimataifa, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 189 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani Juni 2011.

Hata hivyo, sheria haijisimamii. Mfanyakazi anayedhulumiwa hana budi kulalamika mwenyewe, na wengi huogopa kupoteza kazi au kufukuzwa nchini. Kwa hiyo vikundi vilivyoisukuma sheria ndivyo vilivyobaki na jukumu la kuwafunza wafanyakazi yaliyomo ndani yake.

Nchini Kenya, ambako chama cha KUDHEIHA huwawakilisha wafanyakazi wa nyumbani, njia haijafungwa. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, nacho kifungu cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti kuwashirikisha wananchi katika utungaji wa sheria. Kina yaya wa New York walitumia miaka sita kufika walikotaka, na wengi wao hawakuwa hata na kura katika nchi hiyo.