Mzee Ojwang' na Ulimi wa Kuazima

Hapa Moshi, Mmachame akifungua mdomo tu, Mrombo ameshajua katoka upande gani wa mlima, na utani unaanza. Kwa hiyo swali linalomhusu Benson Wanjau, yule Mzee Ojwang' wa televisheni ya Kenya, si geni kwetu: kuigiza lafudhi ya mwenzako ni sanaa au kejeli?

Wanjau alikuwa Mkikuyu. Katika Vitimbi vya KBC aliigiza Mluo kwa miongo kadhaa. "Sh" ikawa "s", shamba likawa samba, na watazamaji wengi wakaamini kabisa kuwa ni Mluo. Tena tukumbuke nchi yenyewe: tangu Tom Mboya auawe mwaka 1969, siasa baina ya makabila hayo mawili zilikuwa kidonda.

Wahakiki tutasema mhusika huyu ni bapa. Sawa, habadiliki. Lakini jamani, lafudhi peke yake haichekeshi miaka yote hiyo. Mara ya tatu umeshaichoka. Kinachobaki ni mzee mwenyewe, ujanja wake unaomrudia, na mkewe wa mchezoni, Mama Kayai (Mary Khavere). Hapo kabila linasahaulika. Mzee wa namna hiyo hata Kibosho yupo.

Uzeeni macho yalimsumbua, Wakenya wakamchangia matibabu. Alipofariki Julai 2015, akiwa na miaka 78, watu walimlilia Ojwang'. Jina la Wanjau wengine ndiyo kwanza walikuwa wanalisikia.