Theluji ya Krismasi ya 1962

Msomaji, theluji uijuayo huenda ni ile ing'aayo kwa mbali, kileleni mwa Mlima Kenya. Waza basi ingekuwaje kama ingekuzibia mlango.

Hayo ndiyo yaliyowapata watu wa Uingereza. Tarehe 26 Desemba, 1962, watu wakiwa bado katika sikukuu, theluji ilianguka; na tarehe 29 na 30 ikaja dhoruba kali kusini-magharibi. Upepo uliikusanya theluji ikawa marundo, mengine yenye kimo cha mita 6. Barabara na reli zilizibwa, vijiji vikatengwa, na kondoo wengi wakafukiwa malishoni.

Je, walifanyaje? Walishika makoleo wakachimba njia. Wakulima walichoma theluji kwa fimbo ndefu, wakitafuta kondoo wao. Pasipofikika kwa nchi kavu, helikopta zilipeleka chakula cha watu na cha mifugo. Baridi ile haikuondoka hata mwanzo wa Machi, 1963.

Waona, basi, kwamba hakuna aliyeokoka peke yake. Wahenga walinena kweli: kidole kimoja hakivunji chawa. Nawe, siku ya mafuriko au ukame kwenu, likumbuke koleo la jirani.