Bustani ya Jinja na kumbukumbu za chanzo cha Nile

Mjini Jinja, mashariki mwa Uganda, ndipo Ziwa Victoria linapoanza kumwaga maji yake katika Mto Nile. Kingo zote mbili za mto zina viwanja vya mapumziko, na kila ukingo una kumbukumbu yake.

Upande wa magharibi upo mnara wa John Hanning Speke, mpelelezi wa Kiingereza aliyefika hapo tarehe 28 Julai 1862. Maporomoko aliyoyakuta aliyaita Ripon, kwa heshima ya kiongozi wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Wenyeji walikwisha kuyaita "mawe", na neno hilo ndilo asili ya jina la Jinja. Mto wenyewe Wasoga wanauita Kiyira.

Ndiyo maana neno "uvumbuzi" limezusha ubishi wa miaka mingi. Aidha, Speke hakusafiri peke yake. Miongoni mwa viongozi wa msafara wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, na baadaye akarejea Afrika Mashariki akiwa mtu huru. Hata hivyo, mnara umebeba jina la Speke.

Anayezuru leo hawezi kuyaona maporomoko hayo. Bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Maji yalipopanda nyuma ya bwawa, Ripon ikazama.

Upande wa mashariki ipo sanamu ya Mahatma Gandhi. Baada ya kuuawa kwake mwezi Januari 1948, sehemu ya majivu yake ilitawanywa katika maji ya Nile hapo Jinja, mji uliokuwa na jamii kubwa ya watu wenye asili ya Kihindi. Mwaka 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Baadhi ya familia zilirejea miaka ya baadaye, na mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India, Inder Kumar Gujral, aliizindua sanamu hiyo.

Ziwa nalo halijatulia. Mwezi Mei 2020 kina chake kilipita rekodi ya mwaka 1964, na maji yakafurika katika maeneo mengi ya mwambao, Jinja ikiwemo.

Wanajiografia wanakumbusha kwamba Jinja si mwanzo kabisa wa mto. Ziwa hupokea maji ya Mto Kagera, ambao vijito vyake huanzia Rwanda na Burundi. Huko Rutovu, kusini mwa Burundi, piramidi ndogo ya mawe inatambulisha mojawapo ya chemchemi hizo. Kwa hiyo Nile ina kumbukumbu za chanzo chake katika zaidi ya nchi moja.