Idara ya Historia ya Mlimani na Nchi ya Songwe

Msafiri afikaye Tunduma, mkoani Songwe, akakuta malori yamejipanga kungoja kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, aghalabu hudhani kwamba mpaka ule ni wa kale kama milima; kumbe asili yake ni mapatano ya Waingereza na Wadachi ya tarehe 1 Julai 1890, ambamo ilikusudiwa, pamoja na mengineyo, kwamba njia iliyoitwa Barabara ya Stevenson, iliyounganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ibaki upande wa Waingereza. Wanyamwanga, waliokuwa watu wa nchi moja, wakajikuta raia wa dola mbili bila ya kuulizwa.

Habari za watu kama hao zilikuwa hazihesabiwi kuwa taarikh hapo zamani, kwa hoja kwamba hawakuacha maandishi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kiitwacho Mlimani, kilichofunguliwa mwezi Oktoba 1961, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake, kilipopata masomo ya sanaa mwaka 1964, Idara ya Historia iliyozaliwa humo, chini ya Profesa Terence Ranger, aliyefukuzwa Rhodesia ya Kusini mwaka uliotangulia, iliikataa hoja hiyo waziwazi. Mwaka 1965 wanahistoria wa Afrika wakakutana Dar es Salaam kujadili namna ya kuiandika historia ya bara hili. Mwaka uliofuata kikaundwa Chama cha Historia cha Tanzania. Na mwaka 1969 Isaria Kimambo, mwana wa Upare, akatoa historia ya kwao iliyotokana kwa sehemu kubwa na vinywa vya wazee, na mwaka huohuo yeye na Arnold Temu wakahariri historia ya Tanzania nzima. Walter Rodney naye, aliyesomesha hapohapo, alitoa mwaka 1972 kitabu chake mashuhuri juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika.

Lakini fahari kubwa ya idara ile, kwa rai yangu, si vitabu bali ni mwendo wake wa kutafuta ilimu. Katika utafiti wa Vita vya Maji Maji, ulioongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, wanafunzi walitumwa mwaka 1968 waende wilaya zilizopigana, wakakae na wazee, wawaulize na kuandika kila kauli pamoja na jina la msemaji. Sisi watu wa pwani, tuliolelewa katika desturi ya kuuliza habari imepokewa kwa nani, na huyo naye aliipokea kwa nani, hatuna budi kuitambua adabu hiyo ya kupima riwaya.

Ama nchi ya Songwe haikupigana Maji Maji, na kwa hiyo wanafunzi wale hawakutumwa huko. Hata hivyo haikusahauliwa kabisa. Katika kitabu cha historia za nchi saba za Tanzania kabla ya mwaka 1900, alichokihariri Andrew Roberts mwaka 1968, Wanyiha wa Mbozi walipewa sura yao, iliyoandikwa na Beverley Brock, wakakaa safu moja na Wanyamwezi, Wahehe na Wafipa. Brock alikwisha kuandika pia juu ya uhunzi wao, jinsi walivyoyeyusha mawe ya chuma. Na mwaka uleule wa 1968 ikachapishwa taarifa ya machimbuo ya Ivuna, huko Momba, palipopikwa chumvi tangu karne nyingi. Marcia Wright wa Marekani akaeleza mwaka 1971 habari za misheni za Wadachi katika Nyanda za Juu Kusini, wakiwamo Wamoravia. Kisha mwaka 1993 akarudi na visa vya wanawake waliokuwa watumwa katika nchi iliyo baina ya maziwa yale mawili, Nyasa na Tanganyika, kama walivyovisimulia wenyewe.

Pamoja na sifa hizo zote, nauona upungufu. Historia iliyoandikwa kwa ajili ya taifa jipya iliishia penye jiwe la mpaka, na Mnyamwanga akakatwa mara ya pili, safari hii kwa kalamu. Chuma cha Mbozi na chumvi ya Ivuna havikujua forodha; na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipitia Tunduma, palipokuwa njia tangu zamani.

Mkoa wa Songwe ulitengwa na Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawa Vwawa, na sasa wapo wana wa Mbozi, Ileje na Momba wanaosoma historia katika vyuo vikuu. Nawasihi hao, likizo hii wasirudi nyumbani mikono mitupu: wachukue daftari na kinasa sauti, wawaendee wazee wa Ivuna na wa Unyamwanga, wavuke hata Nakonde, waandike jina la kila msemaji, na nakala moja ya maneno hayo waiache Vwawa.